Nilimpinga Fayulu, lakini kura zake ni zake

Mwaka 2018 nilifanya kampeni dhidi ya Martin Fayulu, mgombea urais wa Kongo, hapa Bengamisa, na hata leo ningeifanya. Kilichonisukuma ni ile miaka yake karibu 20 katika kampuni ya mafuta ya Mobil, baadaye ExxonMobil. Aliingia 1984, akatoka 2003 akiwa mkuu wa tawi la Ethiopia. Wafuasi wake walisema nchi imekosa msimamizi anayejua hesabu, basi tumpe aliyekwisha kusimamia kampuni kubwa. Vijana wengi waliipenda hoja hiyo.

Mimi nilijibu kwa barabara. Yetu ni ya Taifa namba 4, ile inayotoka Kisangani kupita Banalia kwenda Buta, na mvua ikishaiharibu, mihogo na ndizi za akina mama hukwama pamoja na baiskeli zilizozibeba. Nilikuwa nawauliza watu barazani: kampuni ikiona mahali hapana faida, hufanya nini? Hawakuhitaji mimi niwaeleze. Malori ya magogo wameyaona. Sheria ya Misitu ya 2002 inaitaka kampuni ya miti iwajengee wenyeji vitu kama shule, zahanati na barabara, lakini miti ikiisha, bosi hayupo wa kumwuliza. Kampuni inayo ruhusa ya kufunga na kuondoka. Serikali haina, na inahitajika zaidi hasa pale pasipo na faida yoyote, kama kwetu. Mtu aliyefundishwa kwa karibu miaka 20 kuacha mahali pa hasara, sikutaka aishike nchi hii.

Mama mmoja muuza kwanga aliniambia, “Mwalimu, huyo mgombea wako hakuwahi kuwa na kampuni. Barabara alitutengenezea?” Sikuwa na jibu la kumtosheleza. Nilimwomba tu apige kura anavyoona mwenyewe.

Upande wetu walikuwepo waliotaka maneno makali zaidi: kwamba Fayulu ni kibaraka wa wazungu, kwa kuwa wapinzani walimteua Geneva, tarehe 11 Novemba. Uteuzi ule ulinikera hata mimi. Kesho yake tu Félix Tshisekedi na Vital Kamerhe, wapinzani waliokuwa wameukubali, waliondoa sahihi zao. Lakini Fayulu ni mtu aliyeketi katika Mkutano Mkuu wa Taifa enzi za Mobutu, na mwaka 2016 alijeruhiwa kichwani katika maandamano Kinshasa. Kumwita kibaraka ni uongo, na nilikataa kuusema.

Tulipiga kura tarehe 30 Desemba. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Januari tume ya uchaguzi, CENI, ikamtangaza Tshisekedi kwa asilimia 38.57, Fayulu akapewa kama 34.8. Maaskofu Wakatoliki, waliokuwa na waangalizi wapatao 40,000, wakasema matokeo hayo hayalingani na takwimu walizokusanya. Mahakama ya Katiba ikayathibitisha hivyo hivyo.

Baadhi ya wenzangu walishangilia, kwa kuwa tuliyempinga ameanguka. Mimi nilikasirika, na hasira hiyo ninayo bado. Kazi yangu ilikuwa kuwashawishi majirani wasimpe kura zao. Waliompa baada ya kunisikiliza, akiwemo yule mama kama alimpa, walikuwa wameamua. Hakuna aliyenituma, wala kumtuma mtu yeyote Kinshasa, aufute uamuzi wao.

Wenzangu wa Bengamisa, 2028 watakuja tena wenye makampuni na waliowahi kuyaongoza, kwa sababu kugombea urais kunadai fedha: mwaka 2023 dhamana peke yake ilikuwa faranga milioni 160, na hairudishwi. Waulizeni juu ya barabara, na wasipojibu wanyimeni kura. Halafu kura zikishahesabiwa, msiondoke kituoni mpaka PV, yaani hati ya matokeo, ibandikwe, ikaguliwe na mtu anayejua kusoma, inakiliwe, na muitetee hata kama aliyeongoza ni yule msiyemtaka.