Breki za Mbele

Motokaa husifiwa kwa mwendo wake. Mwenye kuinunua huuliza nguvu ya injini, uzito wa mzigo iwezao kuuchukua na kiasi cha mafuta inywayo; ni akali ya watu waulizao jinsi chombo hicho kinavyosimama. Desturi hii haiko katika magari tu. Kwenda huonekana, hushangiliwa na hulipwa ujira. Kusimama hakutazamwi mpaka siku kunapokosekana. Lakini lori lisiloweza kwenda ni hasara ya mtu mmoja, na lori lisiloweza kusimama laweza kuwa msiba wa kijiji kizima.

Katika barabara itokayo Iringa kwenda Morogoro upo mteremko wa Kitonga, baina ya Ilula na Ruaha Mbuyuni. Barabara hujinyonga ubavuni mwa mlima, jabali upande huu na bonde upande wa pili. Malori yaliyojaa nyanya na vitunguu hushuka hapo kwenda katika masoko ya Dar es Salaam, na malori mengine hupanda kuelekea Mbeya na Zambia. Dereva mwenye hekima huingia mteremkoni katika gia nzito, akaiacha injini imsaidie kulizuia gari. Asiye na hekima huiondoa gia ili abane mafuta, akaukabidhi uzito wote kwa breki.

Yafaa kuhesabu uzito huo una maana gani. Lori lenye tani 7 pamoja na mzigo wake, likishuka kimo cha mita 300 kwa breki peke yake, huzigeuza nguvu za mteremko kuwa joto litoshalo kuchemsha maji ya kawaida lita 60 hivi. Joto hilo lote huzaliwa katika vipande vichache vya chuma vilivyofichika nyuma ya matairi, wala halina pa kwenda ila hewani. Tena mwendo ukizidi mara mbili, kazi ya kusimamisha huzidi mara nne. Haraka ya dereva haihesabiwi kwa kujumlisha. Huhesabiwa kwa kuzidisha.

Sheria iendeshayo breki za mafuta ilielezwa na Blaise Pascal, mwanachuoni wa Ufaransa wa karne ya 17: kimiminiko kilichofungiwa kikisukumwa mahali pamoja, msukumo huenea pande zote kwa kiasi kilicho sawa. Mguu wa dereva husukuma pistoni nyembamba katika masta silinda. Mafuta ya breki huuchukua msukumo ule katika mabomba na hozi mpaka gurudumuni, na huko hukuta pistoni pana zaidi, ndipo nguvu ya mguu mmoja ikawa nguvu ya kuzuia tani nyingi. Frederick Lanchester wa Uingereza alipata hataza ya breki ya diski mwaka 1902, lakini nusu karne ilipita kabla chombo hicho hakijapata heshima yake. Mwaka 1953 motokaa ya Jaguar yenye breki za diski ilishinda mbio za saa 24 za Le Mans, na mwaka 1955 Citroën DS ikaanza kuuzwa kwa watu ikiwa na diski magurudumu ya mbele. Malori ya wastani nayo yakafuata polepole. Yako hata leo yenye dramu kotekote, na yako yenye diski mbele.

Kalipa ni mfano wa gando la kaa. Huikumbatia diski izungukayo pamoja na gurudumu, na dereva akanyagapo, pistoni huzisukuma pedi mbili kuibana diski huku na huku. Kalipa za mbele hubeba sehemu kubwa ya kazi, kwa sababu gari lizuiwapo uzito wake huinamia mbele, kama mtu aliyejikwaa.

Chombo hiki hakifi kwa siku moja. Mpira ukingao vumbi hupasuka, maji na matope yakaingia, kutu ikaishika pistoni. Pistoni ikisukumwa hutoka, lakini hairudi. Pedi ikabaki inasugua diski safari nzima. Pengine pini ambazo kalipa huteleza juu yake hukauka, pedi moja ikalika mpaka chuma na mwenzake akabaki mnene. Dalili huja moja baada ya moja: usukani huvuta upande mmoja dereva akanyagapo, gurudumu moja huwa la moto kuliko jingine, harufu ya kuungua huingia katika kabini, mafuta katika kikopo cha breki hupungua pasipo sababu ionekanayo. Gari husema mapema. Aghalabu wenye kuliendesha ndio wanaokawia kusikia.

Lori moja la nyanya lilipata kuingia katika karakana ya pembeni mwa barabara hiyo asubuhi, likivuta kushoto. Fundi aliondoa gurudumu la mbele la kulia, akakuta pistoni ya kalipa imeshikwa na kutu na mafuta yanachuruzika. Dereva alimpigia simu mwenye lori, naye alikuwa Dar es Salaam akiusubiri mzigo wake. Jibu lilikuwa la mtu mwenye deni: bomba la gurudumu lile lizibwe, gari literemke kwa breki tatu, matengenezo yafanywe mjini.

Ushauri wa namna hii si mgeni barabarani. Wapo wazibao bomba la gurudumu livujalo, na wapo watiao maji ya sabuni mahali pa mafuta ya breki yaliyopungua. Gari hutoka, kanyagio huonekana gumu, na watu husema fundi yule ni hodari. Lakini maji huchemka kwa nyuzi 100, na mafuta mapya ya daraja la DOT 3 hayachemki kabla ya nyuzi 205. Katika mteremko maji yale hugeuka mvuke. Mvuke hubanika, mafuta hayabaniki. Na mguu wa dereva huzama mpaka sakafuni kama unakanyaga pamba. Gurudumu lililozibwa nalo huliacha gari likivutwa na upande uliobaki mzima, hasa penye kona.

Fundi aliiomba simu ile. Alisema kwa adabu, “Shikamoo, tajiri. Kalipa hii imekufa, na ya kushoto ina umri ule ule. Nayo imeanza kushika. Zote mbili zibadilishwe, pamoja na pedi.”

“Marahaba, fundi. Lakini nyanya zitaoza.”

“Huenda zikaoza, tajiri. Nyanya hulimwa tena. Huyu dereva wako na utingo wake hawalimwi.”

Kimya kilipita. Kisha mwenye lori akauliza bei, naye hakuipenda, lakini akaituma. Hasara yake ilikuwa ya kweli, wala haifai kudharauliwa: mtu anunuaye nyanya kwa fedha ya mkopo huhesabu saa kama mgonjwa ahesabuvyo dozi. Uzito wa neno la fundi ulitokana na jambo hilo hasa. Kukataa maovu yasiyo na faida kwa mtu yeyote ni kazi rahisi. Kukataa jambo ambalo mwenye mali analihitaji, na fundi angelipwa kwa kulitenda, ndiko kupimwa.

Kazi yenyewe ilifanywa kwa utaratibu. Lori liliegeshwa mahali tambarare, magurudumu ya nyuma yakatiwa kabari. Nati zililegezwa tairi likiwa bado chini, kisha ekseli ikainuliwa kwa jeki na kukalishwa juu ya vigingi vya chuma, maana jeki ni ya kuinulia, si ya kutumainiwa na mtu aliye chini ya gari. Vumbi la breki halikupulizwa kwa upepo. Lililoweshwa na kufutwa, kwa sababu pedi za zamani zilitengenezwa kwa asbesto, na vumbi la asbesto huleta saratani. Hozi ilifunguliwa, mafuta yakakingwa katika chombo, na bolti za kalipa zikafuata. Kalipa haikuachwa ining'inie kwa hozi, kwani mpira uvutwao huchanika ndani pasipo kuonekana nje.

Diski ilipimwa unene, ikalinganishwa na kipimo cha chini kilichoandikwa na watengenezaji. Pini zilipakwa grisi ifaayo mipira ya breki. Grisi ya kawaida ya mafuta ya petroli huuvimbisha mpira ule na kuuharibu. Washa za shaba za hozi zilitupwa, zikatiwa mpya, kwa kuwa washa iliyokwisha kubanwa mara moja haiaminiki kuziba mara ya pili. Bolti zilikazwa kwa spana ya kipimo, si kwa kukisia nguvu za mkono.

Mwanafunzi wa karakana ile alikuwa amekwisha kuichukua kalipa ya kushoto kuifunga kulia. Kosa hilo ni jepesi, maana mbili hizo hufanana kama mtu na sura yake kiooni. Fundi alimwonyesha nati ndogo ya kutolea hewa. “Kijana wangu, nati hii iko wapi?” Mwanafunzi alitazama, akajibu kuwa iko chini. “Na hewa hukaa wapi?” Hapo alielewa. Hewa hupanda juu. Nati ikiwa chini, mafuta yatatoka na hewa itabaki, hata kama kanyagio litakanyagwa tangu asubuhi hadi magharibi. Mwanafunzi hakutukanwa. Aliulizwa maswali mawili, nayo yalitosha.

Kutoa hewa ni kazi ya watu wawili wanaosikilizana. Mmoja hukanyaga na kushikilia. Wa pili huifungua nati, mafuta yakapita katika mpira mwembamba mpaka ndani ya chupa, kisha huifunga. Ndipo wa kwanza aachilie mguu. Akiachilia kabla ya nati kufungwa, hewa hurudi ndani na kazi huanza upya. “Kanyaga.” “Nimeshika.” “Achia.” Maneno hayo matatu yalirudiwa mara nyingi, na kikopo cha mafuta kikawa kinaongezwa kisikauke, mpaka mapovu yakaisha katika chupa. Mafuta yaliyotoka hayakurudishwa, kwa sababu mafuta hayo hunyonya unyevu wa hewa, na kila unyevu unyonywao huwashusha nyuzi za kuchemka.

Gari liliposhushwa, kanyagio lilikanyagwa mara kadhaa kabla ya kung'oa, ili pistoni zizifikie pedi. Kisha lilijaribiwa kwa mwendo mdogo katika njia tupu: likasimama, wala usukani haukuvuta. Dereva alionywa kuwa pedi mpya huhitaji kuzoeana na diski kwa kukanyagwa taratibu kabla hazijatakiwa nguvu zake zote.

Alasiri lori lilishuka Kitonga katika gia nzito. Baadhi ya nyanya zilikuwa zimelainika, zikauzwa kwa bei ya chini. Mwenye lori aliyajua hayo kwa shilingi na senti, kwa maana hasara iliyotokea huhesabika. Hasara iliyoepukwa haina hesabu wala shahidi: hakuna aliyeweza kumwonyesha kona ambayo lori lake lingeanguka. Ndiyo sababu ufundi wa breki huhitaji moyo ambao ufundi wa injini hauuhitaji sana. Injini ikitengenezwa vyema hunguruma, na fundi wake hupongezwa palepale. Breki zikitengenezwa vyema, watu hufika makwao, wakala, wakalala, wala hawajui kwamba kuna mtu wa kushukuriwa.