Kitonga na Oili Nyeupe

Ukishatoka Ruaha Mbuyuni, barabara ya Iringa inaanza kupanda Kitonga, kona juu ya kona, mandhari ya kupiga picha mpaka mkono uchoke. Kwa malori ya zamani ni mtihani. Lile lililotupa lifti mimi na mchumba wangu liligonga ko-ko-ko, likazima. Fundi akachomoa stiki: oili nyeupe kama chai ya maziwa. Maji yameingia, hapo bado unaomba iwe gasketi tu. Akafungua sampo, zikatoka chenga za beringi. Maji hayalainishi chuma, jamani! Krenki haizunguki.

"Mzee wangu, hii injini basi tena."

Mzee, ambaye lori ndilo shamba lake, akauliza bei ya injini ya mtumba. Akanyamaza. Kisha akamwambia utingo ashushe vitunguu, vitafutiwe gari lingine kabla havijaoza.