Ugavana Unaanzia Kwenye Bili ya Nyumba

Wakenya wengi tunaoishi Prince George's, kaunti ya Maryland inayopakana na Washington, tunawataja kwa majina wote wanaonyemelea urais kule nyumbani. Ukituuliza ni nani anayetuwakilisha kwenye baraza la kaunti hapa tunapolala, tunaangaliana. Hasara ni yetu, maana mabaraza kama hilo ndiyo yanayopika magavana.

Chukua mfano wa Parris Glendening. Alikuwa mhadhiri wa siasa na serikali katika Chuo Kikuu cha Maryland. Mwaka 1973 aliingia baraza la mji mdogo wa Hyattsville, na mwaka uliofuata akachaguliwa kwenye baraza la kaunti hii ya Prince George's. Mwaka 1982 akawa mkuu wa kaunti, cheo ambacho sisi tungekiita ugavana, akakikalia vipindi 3. Ndipo mwaka 1994 akawania ugavana wa jimbo zima na kumpita Ellen Sauerbrey kwa kura zisizofika 6,000. Mpinzani akaenda mahakamani, akashindwa. Kutoka baraza la mji hadi kushinda ugavana: miaka 21.

Kwetu njia hiyo mara nyingi huendewa kinyume. Tangu ugatuzi uanze mwaka 2013, kaunti zetu 47 zimepokea wakubwa wanaoshuka kutoka Nairobi. Anyang' Nyong'o alikuwa waziri, kisha seneta, ndipo akawa gavana wa Kisumu mwaka 2017. James Orengo alipita bungeni na kwenye Seneti kwa miaka mingi kabla ya kuichukua Siaya mwaka 2022. Wapo waliopandia ndani ya kaunti: Susan Kihika alianza kama spika wa bunge la kaunti ya Nakuru mwaka 2013, akawa seneta, kisha gavana. Lakini MCA (mjumbe wa bunge la kaunti) wa kawaida, yule anayepigiwa simu usiku kwa sababu ya matanga na karo, ni nadra kufikiriwa kuwa gavana mtarajiwa.

Watu husema sababu ni ukabila au pesa za kampeni. Hayo yapo. Mimi naona jibu lingine limo kwenye bahasha inayofika hapa kila Julai: bili ya kodi ya nyumba. Ukiifungua unakuta mistari imepangwa: ya jimbo, ya kaunti, ya mji kama unaishi mjini, ya bustani na mipango ya ardhi, ya maji ya mvua, ya taka. Kila mstari na kiasi chake. Fedha za kaunti ndizo zinazogharamia polisi wa kaunti na zimamoto, na fungu kubwa kuliko yote linaenda shuleni. Anayepandisha mstari wa kaunti anajulikana, na ofisi yake si mbali.

Wapiga kura wa Prince George's waliwahi kuonyesha hasira yao. Mwaka 1978 waliandika kwenye katiba ya kaunti ukomo wa kodi ya mali. Glendening alipokuwa mkuu wa kaunti, ukomo huo aliukuta pale pale. Alilazimika kujifunza kuendesha shule na polisi huku mkono mmoja umefungwa. Alipofika Annapolis, mji mkuu wa jimbo, kama gavana, mwaka 1997 alisimamia sheria ya kuelekeza fedha za jimbo za barabara, maji na majitaka kwenye maeneo yaliyotengwa kwa ukuaji, badala ya kufuata kila mjenzi anayekwenda kukata mashamba. Sera ya namna hiyo huandikwa na mtu aliyewahi kukaa kwenye vikao vya bajeti hadi usiku.

Kule Kenya, katiba inazipa kaunti si chini ya asilimia 15 ya mapato ya taifa, na kaunti nyingi huishi kwa mgao huo. Hazina ya taifa ikichelewa kuutuma, mishahara inakwama. Basi mpiga kura, kwa akili timamu kabisa, anamchagua anayejua milango ya Nairobi. Anahitaji mtu wa kwenda kuleta. MCA hana cha kuleta ila mchango wa harambee.

Lakini tusiwapambe wa huku. Katika kaunti hii hii ya Prince George's, Jack Johnson alikuwa amekaa karibu miaka 8 kama mkuu wa kaunti, FBI walipobisha mlangoni Novemba 2010. Wakisikiliza simu, walimsikia akimwambia mkewe aitupe hundi chooni na afiche pesa taslimu mwilini. Walimkuta mke nazo, dola 79,600. Mume alihukumiwa miezi 87. Kwetu, Ferdinand Waititu alipanda kutoka udiwani Nairobi hadi ubunge, hadi ugavana wa Kiambu, na Seneti ikamng'oa Januari 2020. Kupanda hatua kwa hatua hakumfanyi mtu kuwa mwaminifu. Kunachofanya ni kutupa muda wa kumtazama.

Pia anayeshuka kutoka juu anaweza kutumika vizuri. Kivutha Kibwana, profesa wa sheria aliyewahi kuwa waziri na mshauri wa Rais Kibaki, alikwenda Makueni kuwa gavana mwaka 2013. MCA walipigana naye hadi tume ikapendekeza serikali ya kaunti isimamishwe. Rais Uhuru Kenyatta akakataa. Kibwana akakaa vipindi 2, akasifika kwa kuwakalisha wananchi chini kupanga miradi kijiji kwa kijiji, na kwa bima ya afya ya shilingi 500 kwa kaya kwa mwaka. Wananchi hawakungoja bili ndipo waulize, walipewa kikao.

Wala si kweli kwamba, kwa kuwa kaunti za nyumbani huishi kwa mgao, mwananchi hailipi kaunti. Mama mboga anailipa kila asubuhi, na asipokuwa na tikiti ya soko, kanju, askari wa kaunti, wanambebea sukuma yake. Analipa mara nyingi kuliko mimi mwenye bili moja ya Julai. Kinachokosekana ni mistari. Bunge la kaunti likibandika kwenye lango la kila soko kiasi kilichokusanywa hapo mwezi uliopita na kilikokwenda, MCA wa wadi ile atakuwa na kazi ya kuhesabiwa, na baada ya mihula miwili wenyeji watajua kama anafaa kuwa gavana. Hilo halihitaji kubadilisha katiba, na MCA wako unaweza kumdai leo, hata ukiwa Maryland. Namba yake ya simu kila mtu kijijini anayo.