Platika

Kwetu Kalymnos, kisiwa cha Ugiriki, mzamiaji wa sponji alilipwa kabla hajalowa. Pasaka ilipokaribia, nahodha alimpa sehemu kubwa ya ujira wa msimu mzima, na pesa hizo ndizo tulizoziita platika. Madeni ya dukani yalilipwa humo, unga na mafuta ya miezi yote ya kiangazi yakanunuliwa, kilichobaki kikaishia kwenye vinywaji na muziki. Wageni waliwaona wazamiaji ni watu wa kutapanya mali. Haya, asiyejua kama atarudi, amwekee nani akiba?

Baada ya Pasaka mashua zilielekea pwani za Libya na Misri kutafuta sponji, zikarejea vuli. Zamani watu walizama uchi, wamekumbatia jiwe bapa, kwa pumzi moja tu. Miaka ya 1860 likaja vazi lenye kofia ya shaba na mpira wa kupitishia hewa. Sasa mtu aliweza kwenda chini zaidi na kukaa sana, na hapo ndipo balaa ilipoanza: akipandishwa haraka, mapovu yalimjaa kwenye damu, akafa au akapooza miguu. Nilipokuwa mtoto, miaka ya 1950, vichochoro vya mji wetu wa Pothia bado vilikuwa na wanaume wa makamo wanaotembelea fimbo.

Baba alirudi Oktoba moja akiwa mgongoni mwa mwenzake. Alinuka sponji. Sponji mbichi si ile ya bafuni: ni nyeusi, ina ngozi na inateleza. Mabaharia huikanyagakanyaga kwenye sitaha mpaka itoke ute mweupe, kisha huitunga kambani na kuirudisha baharini ijisafishe. Mama alimwogesha baba kwa maji moto na sabuni mara tatu, na harufu isitoke.

Siku hizi vijana hucheza mihanikos, ngoma ambayo kiongozi wake hushika mkongojo na kutetemesha miguu, watalii wakipiga makofi. Wanaicheza vizuri, sina ugomvi nao. Baba alikuwa akisikia inaanza, anaomba apelekwe nyumbani.

Kaka alipofikia umri wa kuzama, nahodha alikuja na platika yake. Mama alizihesabu noti zote mbele yake, polepole, akasema, "Zimetimia," akamrudishia. Mwishoni mwa miaka hiyo ya 1950 kaka alipanda meli ya Australia, akawa fundi ujenzi Darwin, ambako watu wa Kalymnos walikuwa wameshaanza kuoana wao kwa wao.