Binti Aliyeachwa kwa Simu na Swali la Islahi

Swali la kama Uislamu unahitaji islahi, yaani marekebisho, hunijia kwa sauti mbili, na kwa muda mrefu sikutulia na hata moja. Sauti ya kwanza hutoka nje, kwa watu ambao mara nyingi hawajawahi kukaa kwenye darsa hata siku moja, nayo husema kwamba dini hii imechelewa, bado inamsubiri Martin Luther wake. Sauti ya pili hutoka ndani, barazani na msikitini, nayo husema kwamba dini ilikamilika katika Hija ya kuaga, pale Arafa, na anayetaka kuirekebisha anataka kuibomoa. Mimi ni Muislamu, nimezaliwa na kulelewa Mombasa, na kwamba dini imekamilika naliamini kwa moyo wangu wote. Kinachonisumbua ni sisi tulioibeba. Sisi hatujakamilika, na sijaona kizazi hata kimoja kilichoibeba bila kuiegemeza upande kidogo.

Hilo la Luther nalipita haraka. Yule mtu wa Wittenberg, mwaka 1517, aliwataka Wakristo warudi kwenye Kitabu na wayaache yaliyoongezwa na wakuu wa kanisa. Ukimtafuta mfano wake kwetu huendi mbali: Muhammad bin Abdul-Wahhab wa Najd, katika karne ya 18, alitaka jambo linalokaribiana sana na hilo, na athari yake tunaishi nayo hadi leo. Ulaya nayo, baada ya Luther, ilichinjana kwa ajili ya madhehebu, na Vita vya Miaka Thelathini vilipoisha mwaka 1648 kulikuwa na nchi zilizobaki magofu. Kwa hiyo anayetuombea Luther, sina hakika anatuombea kheri gani.

Lakini lipo jambo lililotokea katika ukoo wetu ambalo halikuniacha nilale na majibu haya mepesi.

Mdogo wangu, binti wa mama mdogo, aliachwa kwa simu. Mumewe alikuwa kazini Ghuba. Waligombana kuhusu pesa, kama wagombanavyo watu walioishi mbali kwa muda mrefu, na usiku akamtumia ujumbe wa sauti: nimekuacha, talaka tatu. Maneno machache kuliko anayotumia mtu kuagiza nazi sokoni. Asubuhi nyumba ilijaa watu. Mama mdogo alikuwa analia jikoni, wajomba wamekaa sebuleni na ile simu katikati ya meza, wakiusikiliza ujumbe tena na tena kana kwamba neno lingeweza kubadilika. Baadaye kidogo yule mume akaanza kupiga simu akisema amejuta, hasira zilimpanda, anataka mkewe.

Basi wajomba wakagawana, mmoja aende kwa sheikh huyu na mwengine kwa yule, nami nikafuatana nao kote kuwili. Sheikh wa kwanza ni mzee mpole ambaye nimempenda tangu utotoni. Msikitini kwake husomwa maulidi na hitma, wala hajawahi kumfukuza mtu kwa kuvaa vibaya au kusoma kwa kukosea. Alisikiliza, akainamisha kichwa, akasema kwamba madhehebu yetu ya Shafi, na mengine matatu pamoja nayo, yanazihesabu kuwa tatu. Ndoa imekwisha. Mume hawezi kumrudia mpaka binti aolewe kwanza na mwanamume mwingine, ndoa ya kweli, kisha waachane kwa hiari yao wenyewe. Aliyasema hayo kwa huzuni, lakini aliyasema.

Sheikh wa pili ni kijana aliyesoma Madina, mkali. Huyo ndiye anayetuambia kwamba hitma zetu ni bidaa na matari yetu hayana nafasi msikitini. Nilikwenda kwake moyo ukiwa umejikunja. Naye akafungua kitabu, akatuonyesha ile riwaya ya Ibn Abbas iliyomo katika Sahihi ya Muslim, kwamba zama za Mtume, na za Abu Bakr, na miaka miwili ya mwanzo ya ukhalifa wa Umar, talaka tatu za mkupuo mmoja zilihesabiwa moja. Akasema ni moja. Mume anaweza kumrejea kabla ya eda kwisha. Mlango haujafungwa.

Nilirudi nyumbani nimechanganyikiwa kwa namna ambayo sikuijua kabla. Maisha yangu yote nilikuwa nimewapanga wanavyuoni wetu katika safu mbili ndani ya kichwa changu, wapole na wakali, wa jadi na wa islahi, na nilidhani najua moyo wangu uko safu gani. Sasa mpole ndiye aliyefunga mlango, na mkali ndiye aliyeuacha wazi. Safu zangu zilivurugika, na mpaka leo sijaweza kuzipanga upya.

Nikaanza kusoma, polepole, kwa msaada wa waliojua kuliko mimi. Nikakuta kwamba hukumu ya tatu kuhesabiwa tatu ina mwanzo wake. Ni Umar bin Khattab aliyewafunga watu kwa ulimi wao, alipoona wanaliharakia jambo ambalo wamepewa nafasi ya kulifanya kwa utaratibu. Alitaka wauhofu ulimi. Karne zikapita, na watu, badala ya kuhofu, wakaendelea kuropoka, na nyumba zikavunjika. Katika karne ya 14 akasimama Ibn Taymiyya mjini Damascus akasema turudi kwenye moja, na fatwa zake za talaka na viapo zilichangia kumtia gerezani. Wengi wa wanavyuoni wa zama zake walimwona amekwenda kinyume cha ijmai. Kisha mwaka 1929, huko Misri, sheria namba 25 ikaichukua rai hiyo hiyo iliyomfunga mtu, ikaifanya kanuni ya nchi. Baadaye nchi nyingine nyingi za Kiislamu zikafuata.

Nilipofika hapo nilikaa kimya na kitabu mapajani. Sayyidna Umar alibadilisha kwa kuwaangalia watu wake, na Ibn Taymiyya akarudisha kwa kuwaangalia wa kwake. Hakuna kati yao aliyesema dini imepungua. Walisoma Kitabu kile kile wakiwa wamefumbua macho kuwatazama watu walio mbele yao, na kila mmoja aliona dhara lililokuwa mahali tofauti. Kama hiyo ndiyo islahi, basi tumeanza nayo tangu karne ya kwanza ya Hijra, na anayesema haihitajiki itabidi anieleze kuhusu Umar.

Na pwani yetu hii haikukosa watu wa namna hiyo. Habib Swaleh alitoka Ngazija akaja Lamu, na mwanzoni mwa karne ya 20 msikiti wake wa Riyadha ukawa umesimama kule Langoni. Aliwafundisha waliokuwa hawafundishwi: waliotoka utumwani, wahamiaji, watu wasio na ukoo wa kujivunia. Aliingiza maulidi ya Habshi pamoja na matari, na baadhi ya wakubwa wa mji walimchukia kwa yote mawili. Leo maulidi ya Lamu ni ya jadi, na wanaoyapinga wanajiita wa islahi. Lakini katika siku zake, yeye ndiye aliyekuja na jipya. Kisha hapa Mombasa Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyekuwa msomaji wa jarida la Al-Manar la Rashid Rida kutoka Cairo, akatoa gazeti la Sahifa mwaka 1930, na Al-Islah mwaka 1932. Aliwasemesha watu kwa Kiswahili chao. Alitaka wasichana wasome, alikemea watu kufilisika kwa harusi na matanga, na aliwaonya wasimwige Mzungu katika upuuzi wake huku wakiiacha elimu yake. Alikuwa Kadhi Mkuu wa Kenya alipofariki mwaka 1947.

Na baada yake Sheikh Abdalla Saleh Farsy wa Unguja, ambaye tafsiri yake kamili ya Kurani ilitoka mwaka 1969. Kwa huyu moyo wangu una mambo mawili ambayo sijui kuyapatanisha. Bibi yangu alisoma Kurani umri wake wote, kila siku baada ya alfajiri, bila kujua maana ya anachokisoma zaidi ya sura chache. Alikuwa mzee tayari tulipoanza kumsomea tafsiri ya Sheikh Farsy, na nakumbuka alivyokuwa akituzuia katikati ya aya, akisema rudia hapo, kumbe ndivyo asemavyo. Alilia kwa sura ya Maryam. Sheikh huyo huyo ndiye aliyeandika vitabu vya kupinga bidaa, na wanafunzi wa wanafunzi wake ndio waliomwambia bibi kwamba hitma aliyomsomea marehemu mumewe kila mwaka haina msingi. Bibi hakubishana. Aliacha kuwaalika majirani, akawa anasoma peke yake. Islahi ilimpa maana ya Kurani kwa lugha yake, na islahi ikampunguzia watu waliokuwa wakikaa naye kwenye mkeka. Nikiulizwa kama alipata faida au hasara, siwezi kusema. Naona alipata vyote viwili, na hakuna aliyemuuliza kama yuko tayari kulipa hiki kwa ajili ya kile.

Ni hapo kwenye kuulizwa ndipo nilipokuwa nazunguka bila kujua, mpaka tulipofika mbele ya kadhi.

Mahakama za kadhi hapa Kenya ni za tangu zamani. Katiba ya mwaka 2010, ibara ya 170, inazitambua kwa mambo ya ndoa, talaka, mirathi na hadhi ya mtu, pale ambapo wahusika wote ni Waislamu na wamekubali kuhukumiwa huko. Tulikaa kwenye benchi na wanawake wengine, kila mmoja na karatasi zake ndani ya mfuko wa plastiki. Wajomba walikuwa wamejiandaa. Walikuja na hoja za sheikh wa kwanza na za sheikh wa pili, na nusu yao walikuwa upande huu na nusu upande ule. Kadhi aliwasikiliza kwa subira. Kisha akamgeukia mdogo wangu akamuuliza: na wewe, mwanangu, unataka nini?

Ukimya ulioingia pale siusahau. Tulikuwa tumepita kwa masheikh wawili, tumefungua vitabu, tumekesha tukibishana kama ni moja au ni tatu, na swali hilo lilikuwa halijatoka kinywani mwa yeyote kati yetu. Akajibu kwa sauti ndogo lakini bila kusita. Hataki kurudi. Huo ujumbe wa sauti haukuwa mwanzo, ulikuwa mwisho. Anataka matunzo ya eda, anataka mahari yake iliyobaki, anataka mtoto alipiwe skuli. Na anaogopa, alisema, ile fatwa ya moja, kwa sababu ikiwa ni moja mume anaweza kumrejea ndani ya eda hata kama yeye hataki.

Mimi ndiye niliyekuwa nikiishukuru fatwa ya moja. Niliiona ni rehema, na kwa mwanamke anayeipenda ndoa yake ni rehema kweli. Ni wangapi wameponzwa na hasira ya dakika moja ya mume. Kwa mdogo wangu, rehema hiyo hiyo ilikuwa kamba mkononi mwa mtu aliyetaka kuwa mbali naye. Ile hukumu niliyoiona kali ndiyo iliyokuwa ikimwachia mlango wa kutokea.

Tangu siku hiyo nimekuwa mwepesi kidogo wa kunyamaza watu wanapoulizana kama Uislamu unahitaji marekebisho. Bado nina shaka nyingi. Sijui nani ana haki ya kurekebisha, kwa kuwa hatuna papa wala baraza moja la kutufunga sote, na kila mwenye kipaza sauti anaweza kujiita mujadidi. Sijui pia ni wapi huruma inapogeuka kuwa kuifuata dunia, na kuna siku nahofu kwamba mimi mwenyewe naitafutia nafsi yangu dini nyepesi. Lakini siamini tena kwamba swali hilo linajibika kwa kuchagua kati ya jadi na islahi, au kati ya sheikh mpole na sheikh mkali. Nimeona hukumu moja ikimwokoa mmoja na kumfunga mwingine, na tofauti ilijulikana tu alipoulizwa mwenye jambo.

Eda ilipita na mume hakumrejea. Kadhi alimwandikia haki zake: matunzo ya eda, mata'a ya kumliwaza, mahari iliyobaki, na gharama za mtoto. Matunzo ya eda yamelipwa. Mahari hadi leo haijalipwa, na mdogo wangu bado anaifuatilia.

Kwa maimamu wetu nina ombi, nalo si la kubadilisha aya wala hadithi. Tengeni hutuba ya Ijumaa, kwa Kiswahili, kama Sheikh Al-Amin alivyotusemesha kwa Kiswahili, mtueleze sisi wanaume talaka inavyotolewa: moja, mke akiwa twahara, bila hasira, baada ya wasuluhishi wa pande zote mbili kukaa. Tuelezeni mwanamke anaondoka na haki gani, na kwamba kumnyima ni kula mali yake. Semeni hayo kwa ukali ule ule mnaoutumia kukataza hitma, na kwa upole ule ule mnaoutumia kusoma maulidi. Na anapoletwa kwenu binti wa mtu aliyeachwa, kabla ya kufungua kitabu, muulizeni anataka nini.