Tulivyoaga Vellore

Tangu turudi tumeulizwa swali moja mara nyingi mno: "Huko India mlikuwa mnaumwa nini?" Kwetu mtu akisema anakwenda India, watu humpa pole kwanza, safari njema baadaye. Basi tuseme mapema kwamba hatukwenda kutibiwa. Tulikwenda kusoma, na yanayofuata ni habari za siku zetu za mwisho kule na za njia ya kurudi.

Tulikuwa wawili, wauguzi wa hospitali moja ya kanisa mkoani Njombe, wote tumevuka miaka arobaini, wote na watoto walio sekondari. Kanisa lilitutuma kwa miezi sita, kuanzia mwishoni mwa Novemba 2022, tukajifunze kutunza miguu ya wagonjwa wa kisukari na wa ukoma. Kukaa darasani na mabinti wa miaka ishirini na mbili si jambo jepesi. Wao waliandika upesi kama mvua, sisi tulikuwa bado tunatafuta miwani.

Vellore ni mji wa jimbo la Tamil Nadu, kusini mwa India, kama kilomita 135 kutoka Chennai, ule mji wa pwani uliokuwa ukiitwa Madras hadi mwaka 1996. Katikati pana ngome ya mawe ya karne ya 16, imezungukwa na handaki pana lenye maji, na ndani ya ngome hiyo hiyo kuna hekalu la Kihindu, msikiti na kanisa. Lakini watu wengi wanaoshuka pale stesheni ya Katpadi hawaji kutazama ngome. Wanakuja hospitali. Mitaa inayoizunguka imejaa nyumba za kulala wageni, na mabango ya maduka yameandikwa hata kwa Kibengali, kwa sababu wagonjwa wanatoka Kolkata na Bangladesh, safari ya treni ya zaidi ya siku nzima. Mara ya kwanza kuona familia nzima imeketi kando ya barabara na faili la mgonjwa, sufuria na godoro, tulijiona tuko nyumbani.

Hospitali hiyo ilianzishwa na mwanamke, na kina mama tunapenda mjue habari zake. Aliitwa Ida Scudder, Mmarekani aliyezaliwa India mwaka 1870 katika ukoo wa wamisionari madaktari. Yeye mwenyewe hakutaka kabisa kazi hiyo. Akiwa msichana, alipokuja kumtembelea mama yake aliyekuwa mgonjwa, wanaume watatu walibisha hodi usiku mmoja, kila mmoja kwa wakati wake. Kila mmoja alikuwa na mke aliyeshindwa kujifungua. Ida akawaambia kwamba daktari ni baba yake. Wakakataa, maana desturi haikuruhusu mwanamume wa nje kumwona mke wa mtu. Kulipokucha wote watatu walikuwa wamefariki. Ida akarudi Marekani, akasoma udaktari, akahitimu mwaka 1899, na mwaka 1900 akaanza Vellore na kitanda kimoja. Shule ya wauguzi aliifungua mwaka 1909, na ya udaktari kwa wanawake mwaka 1918. Maneno ya chuo yametoka Marko 10:45, pale Yesu anaposema kwamba alikuja kuwahudumia wengine.

Sisi tuliokulia kwenye wodi za wazazi habari hiyo ilitunyima usingizi. Lakini iliyotubadilisha kazi yetu ni nyingine. Mwaka 1946 alifika Vellore daktari wa upasuaji, Paul Brand, naye aliwakuta wagonjwa wa ukoma wenye mikono iliyokunjamana na miguu isiyo na vidole. Wakati ule watu wengi, hata madaktari, waliamini kwamba ukoma wenyewe ndio unaoozesha nyama. Brand akachunguza, akaona kwamba nyama haina kosa. Ugonjwa unaua neva, mtu hasikii maumivu, basi anakanyaga msumari na kuendelea kutembea, anashika sufuria ya moto na kuendelea kuishika. Wengine walikuwa wakilala na vidole, na kulipokucha kimoja hakipo. Uchunguzi ukaonyesha ni panya wanaowatafuna usingizini. Wakaanza kupewa paka.

Kisukari nacho kinaua neva za miguu vivyo hivyo. Ndiyo maana tulifundishwa kumvua mgonjwa viatu kabla ya yote, kumgusa nyayo kwa uzi wa nailoni unaopinda ukifikia uzito wa gramu 10, na kumwuliza kama anasikia. Tulipelekwa pia Karigiri, kituo cha ukoma karibu na Vellore kilichofunguliwa mwaka 1955, tukaona viatu vinavyotengenezwa kwa raba laini yenye vitundu vidogo vya hewa. Kiatu hicho hakina msumari hata mmoja, ni gundi na uzi tu. Hakina kamba ya kupita kati ya vidole kama kandambili, na nyuma kina mkanda wa kushika kisigino. Ni kitu cha kawaida kabisa kukitazama. Sisi tulikishika kwa muda mrefu, kila mmoja akiwaza wagonjwa wake. Kwa miaka ishirini tulikuwa tumepima sukari, tumeandika kwenye kadi, tumesema "haya mama, mwezi ujao", na hatujawahi kumwambia mtu avue viatu.

Sasa juma la mwisho. Ijumaa tarehe 19 Mei 2023 tulikuwa tumemaliza mtihani wa vitendo, joto limepita nyuzi 40, tumekaa chini ya feni inayosukuma hewa moto. Jioni hiyo Benki Kuu ya India ikatangaza kwamba noti za rupia 2000 zinaondolewa katika mzunguko. Zilibaki fedha halali, na benki zingezibadili kuanzia tarehe 23. Lakini akiba yetu yote ya zawadi ilikuwa katika noti hizo, na kesho yake muuza vyombo alizitazama kama tumemletea majani makavu. Tulicheka kwa uchungu. Tungejua kilichokuwa njiani tusingejali.

Saa tano ya usiku ule ule, nyumbani ikiwa saa mbili na nusu, simu ikalia. Hapa tueleze kwamba mama wa mmoja wetu anaishi Njombe mjini, naye ana kisukari mwaka wa kumi na mbili. Hatutaandika ni mama wa nani kati yetu, maana kwa kula chakula chake sote tumekuwa wanawe. Aliyepiga ni mdogo wetu anayekaa naye.

"Dada, Mama ameungua kidogo mguuni. Baridi imeanza, alikuwa anaota moto kwenye jiko la mkaa. Msiwe na wasiwasi, anasema haumi."

Neno hilo la mwisho ndilo lililotuamsha. Tukaomba picha. Ilipofika tuliona kidole kidogo cha mguu wa kulia kimevimba na kuwa cheusi pembeni, na juu yake kimepakwa dawa ya meno. Kidonda kile hakikuwa cha siku hiyo. Tukauliza ni lini. Kimya. Kisha: siku ya nane.

Tulisema yote tuliyofundishwa, mmoja akimpokonya mwenzake simu. Osha kwa maji safi na sabuni. Usimloweke mguu kwenye maji ya moto. Usiweke majani wala asali wala dawa ya meno. Asikanyage. Kesho asubuhi hospitali. Mama akachukua simu mwenyewe akasema Jumamosi kuna send-off ya mtoto wa jirani, na Jumapili hawezi kuacha ibada. "Mguu wenyewe hauumi, wanangu. Ungeuma ningekwenda." Alikwenda Jumanne.

Tukaulizia kubadili tiketi. Gharama yake ilikuwa zaidi ya tulizokuwa nazo, noti za 2000 zikiwemo. Hivyo tulibaki, tukifungasha. Kila abiria aliruhusiwa mabegi mawili ya kilo 23. Raba tuliyonunua haikuwa nzito, lakini ilijaza begi kama godoro. Tukatoa sufuria za chuma kisichoshika kutu, tukatoa vikombe, tukatoa baadhi ya nguo zetu. Kwaya ya kina mama ilikuwa imeagiza sari kumi na moja za rangi moja; zikaingia tano. (Kesi hiyo bado haijaisha.) Mabinti wa darasani walituona tukikandamiza begi kwa magoti, wakaja kukaa juu yake wanne.

Alhamisi tarehe 25 mdogo wetu alituma ujumbe mfupi: kidole kimekatwa, mguu umebaki, sukari inashuka. Tulikaa kwenye ngazi za bweni. Mmoja wetu alilia na mwingine akashukuru Mungu kwa sauti, na baada ya muda tukabadilishana. Tulikuwa na vyeti viwili vipya ndani ya bahasha, na Mama alikuwa amepoteza kidole kwa jambo lile lile lililoandikwa kwenye vyeti hivyo. Dada mkuu wa kliniki alipita akatukuta. Hakuhubiri. Alituletea kahawa ya maziwa ndani ya bilauri za chuma, akasema mama yake mwenyewe alifika kliniki yake akiwa amechelewa, na nyumba yao haiko mbali na hospitali.

Jumamosi wakatuaga. Walitufunga maua ya asumini nywelini, hapana, tuseme kweli, walijaribu, maana nywele zetu ni fupi, ikabidi vibanio vitatu vitatu. Kitamil ana adabu yake katika kuagana. Mtu anayeondoka hasemi "nakwenda", kwa kuwa hilo ni neno la kisirani. Anasema *poyittu varen*, yaani nakwenda na nitarudi. Mgonjwa mmoja mzee tuliyekuwa tukimfunga kidonda tangu Januari alitufundisha tena na tena hadi tukalitamka sawa. Kisha akanyosha mguu wake uliopona tuutazame kwa mara ya mwisho.

Treni kutoka Katpadi hadi Chennai ni kama saa mbili. Usiku tukaruka hadi Dubai, na kutoka Dubai hadi Dar es Salaam, ambako tulifika Jumapili ya Pentekoste, tarehe 28 Mei. Afisa wa forodha akafungua begi la raba, akaibonyeza, akauliza kama tunafungua kiwanda cha kandambili. Tukamweleza. Akanyamaza kidogo, akasema baba yake naye ana sukari, na je, aangalie nini? Tulimwambia pale pale: kila jioni nyayo na katikati ya vidole, na asitembee peku. Watu nyuma yetu kwenye foleni walianza kuguna.

Kesho yake saa kumi na mbili alfajiri tukapanda basi pale Mbezi. Yeyote aliyekaa mbali anajua jinsi barabara ya nyumbani inavyokuwa ndefu mwishoni. Chalinze, Morogoro, twiga wa Mikumi ambao safari hii hatukuwatazama, Kitonga ambapo basi linapanda likihema, Iringa, Mafinga. Baridi ilianza kuingia madirishani. Makambako tuliteremsha masweta, na tuliposikia kondakta na mama mmoja wakisalimiana "Kamwene" tukajua tumefika, ingawa zilibaki kama kilomita 60.

Mama alikuwa ameruhusiwa siku ile. Tulimkuta amekaa mbali na jiko, blanketi magotini, uso umepungua. Tulimsalimu shikamoo tukapiga magoti, na tukiwa bado chini tukafunua blanketi, maana hatukuweza kungoja. Kidonda kilikuwa kisafi. Tukautoa ule uzi wa nailoni, tukamwambia afumbe macho na aseme anapoguswa. Tulimgusa kisigino, kiganja cha mguu, chini ya kidole gumba. Hakusema lolote. Tukabonyeza tena. "Mtaanza lini?" akauliza.

Juma la pili tulichora mguu wake juu ya karatasi ya manila, tukaenda na raba kwa fundi viatu wa sokoni. Alibishana nasi karibu saa nzima, maana katika miaka yake yote ya ufundi hajashona kiatu bila misumari, na alihofia kikivunjika watu watasema ni kazi yake mbaya. Alikubali tulipomruhusu ashone mara mbili. Kiatu cha kwanza kilibana kwenye kovu tukakirudisha. Cha pili kilikaa vizuri. Mama alikivaa ndani ya nyumba nusu saa, tukakagua wekundu, akakivaa saa moja, tukakagua tena, na kidonda kilipofunga kabisa mwezi Julai akakivaa kanisani, akilalamika kwamba rangi yake ya kahawia haiendi na kitenge cha kina mama.

Raba iliyobaki inatosha jozi tisa. Kwenye kliniki yetu tumeweka benchi mlangoni, na mtu akiketi tunamwomba avue viatu vyote viwili na soksi. Wengine wanaona haya, hasa wazee wa kanisa. Jioni tukipita kwa Mama anatunyoshea miguu kabla hatujaomba, kisha anatuambia na sisi tuvue, aone ya kwetu.