Mkono wa Kushoto

Wimbo wenyewe uliandikwa kwenye joto. Mwaka wa 1945, siku ya jua kali huko California, Bob Wells na Mel Tormé walikaa wakaandika kuhusu baridi ya Krismasi ili angalau wapoe kimawazo. Mwaka uliofuata Nat King Cole akaurekodi, na The Christmas Song ukawa kama wake. Niliposoma hivyo nilicheka. Kumbe hata wao walikuwa wanajifanya. Kibera pia Desemba ni jua, vumbi na nauli ya ushago iliyopanda. Theluji tunaijua kwa kadi tu.

Mwalimu wa kwaya wa kanisa letu Kawangware aliniomba niupige siku ya Krismasi, wakati wa sadaka. Peke yangu. Hapo ndipo penye shida.

Miaka sita nilipiga kinanda kaka yangu akiwa kwa gitaa la besi. Kwa jazi, mpiga kinanda mwenye besi kando yake ni mtu wa raha. Unapiga noti ya tatu na ya saba, ile ya chini kabisa unamwachia mwenzako. Halafu kaka akaenda Doha kufanya kazi, ndio nimalize chuo. Sikumaliza. Niliacha mwaka wa tatu, na tangu nimwambie, tumekuwa tukiongea pesa tu: imefika, asante.

Kwa hivyo kila jioni nilivuka Ngong Road kwa mguu hadi Kawangware, kwa kinanda cha kanisa chenye vitufe 61, kumtafuta kaka kwa mkono wangu wa kushoto.

Mara ya kwanza nilipiga noti zote. Ikasikika kama mtu anahamisha vyombo. Nikapunguza. Kushoto nikabakisha noti ya chini na ya saba, ile ya tatu nikaipa mkono wa kulia, chini ya sauti ya wimbo. Pale vidole havikufika, nilianza na noti ya chini, nikaishika kwa pedali, kisha nikafuata ya juu. Wimbo wa polepole una huruma, unakupa muda wa kutembea. Na ile ruka ya oktavu ya mwanzo niliiacha tupu kabisa. Kushoto kunaingia ikishatua.

Sehemu ya katikati ndiyo ilinisumbua. Ukianza kwa E flati, wimbo unahamia A flati, halafu tena G flati, kama mpangaji asiyetulia. Kila nikifika hapo kushoto kulikwama.

Nilirekodi kwa simu, nikamtumia kaka bila maneno. Alama mbili za buluu. Kimya. Siku mbili.

Siku ya tatu, saa tano usiku, akajibu kwa sauti, nyuma yake wenzake wakipiga kelele:

"Buda, pale katikati inapoanza kuhuzunika, mbona unarudia A flati? Shuka G flati, halafu F, ndio urudi nyumbani."

Akaiimba besi yote, kwa mdomo, hadi mwisho. Hakutaja chuo. Hakutaja pesa.

Kesho yake nilishuka vile alivyosema. Alikuwa sahihi, kama kawaida.

Nikamwandikia: "Nimeipata. Na pole." Akajibu: "Tuma tena nisikie."